Boti Iliyopiga Kichwa Kila Alhamisi

Tangu nilipokabidhi funguo za karakana, mke wangu amekwisha kunikataza kugusa redio, cherehani na pampu ya baiskeli ya jirani. Anasema vyote vilikuwa vizima mpaka nilipovitazama. Basi nimeona niandike, maana karatasi haina skrubu. Ninyi vijana mliobaki na spana zangu mlikuwa mkiniuliza habari za zamani wakati wa chai, nami nikiwajibu kwa mkato kwa sababu chai ilikuwa inapoa. Sasa chai ni yangu na muda ni wangu, kwa hiyo mtavumilia.

Ufundi niliuanzia nyumbani Iringa, pale Mlandege, kwenye kibanda cha mjomba wangu aliyetengeneza baiskeli. Siku ya kwanza alinipa baiskeli ya katekista mmoja, akaniambia niifungue yote. Nikaifungua. Akaniambia niifunge. Nikaifunga vizuri kabisa, na kiganjani vikabaki vyuma vichache visivyokuwa na pa kwenda. Mjomba akavitazama, akasema, "Hongera, umeipunguza uzito." Katekista akaichukua, akateremka nayo bondeni, na hapo tukajua kwamba kimoja kati ya vyuma vile kilikuwa cha breki. Alitoka mtoni mzima, ameloa chapachapa, na Jumapili akafundisha habari za uvumilivu huku akinikodolea macho mimi peke yangu.

Mjomba aliona ni heri nikajifunze mbali na parokia yetu. Nikapanda lori la mahindi kwenda Mbeya, nikakaa juu ya magunia, na baridi ya Uyole ikanipokea kabla ya mtu yeyote. Mjini nilipata kazi kwa Kalasinga mmoja aliyeitwa Gurdit. Alikuwa na gereji ya malori na kilemba cheupe ambacho katika miaka yote sikukiona kikipata hata tone la oili. Mimi nilikuwa napata oili hata siku za mapumziko. Huyu ndiye mwalimu wangu, na kama mnaniona mimi ni mkorofi, hamkumwona yeye. Siku yangu ya kwanza alinikalisha mbele ya lori linalonguruma, akanipa bisibisi ndefu, akaniambia niweke ncha kwenye injini na mpini kwenye sikio. Baada ya muda akauliza kwa Kiswahili chake, "Nasikia nini?"

Nikamjibu, "Nasikia njaa, Bwana."

Akacheka mpaka akashika ukuta, akanipa chapati, kisha akanirudisha kwenye bisibisi. Kwake kugusa ilikuwa kazi ya mwisho. "Tazama kwanza," alikuwa akisema. "Spana haina miguu. Hapana kimbia." Alikuwa pia na rula ndefu ya mti mgumu, iliyonyooka kuliko tabia za wateja wake, na aliitumia kupimia kila kitu kuanzia kichwa cha injini hadi meza ya chakula.

Alinituma sehemu nyingi. Makongolosi, kwa wachimba dhahabu, nilikwenda kutazama pampu ya maji iliyokuwa ikifanya kazi asubuhi na kugoma mchana. Wenyewe walikuwa wameshabadilisha mkanda, plagi na mlinzi. Mlinzi walimbadilisha kwa sababu walidhani ana mkono mbaya. Nilipolifungua bomba la kuvutia maji nikamkuta chura mkubwa, mnene, ametulia kama mwenye nyumba. Asubuhi alikuwa nje akijitafutia, jua likikaza anaingia bombani kupumzika. Nilimtoa, nikaweka wavu, na mlinzi akarudishwa kazini. Gurdit alipenda sana habari hiyo, na tangu hapo mteja akileta gari lenye ugonjwa usioeleweka alikuwa akiniita, "Gaspari! Kuja tafuta chura."

Na ndivyo nilivyopelekwa ziwani.

Kulikuwa na boti ya zahanati huko Mwaya, kwenye Ziwa Nyasa. Chini ya milima ya Ukinga kuna vijiji ambavyo barabara haijawahi kuvifikia, na kila Alhamisi boti hiyo ilimpeleka huko mkunga pamoja na dawa. Ilikuwa boti ya ajabu. Mzungu mmoja alikuwa ameitengeneza kwa plaiwudi ili ashindane mbio na wenzake, akachoka na nchi, akairithisha zahanati. Ilikuwa nyembamba, nyepesi, ina usukani mbele kama motokaa na injini kubwa ya kupachika nyuma. Mgonjwa aliyepanda boti hiyo alifika kabla ya ugonjwa wake. Watu wa pwani wana majina yao ya chombo, omo na tezi na mengine. Sisi wa milimani tulisema pua na makalio, na boti ilikwenda vilevile.

Malalamiko yalikuwa haya: ikishika kasi, pua inapanda juu halafu inajibamiza chini, inapanda, inajibamiza, kama kuku anayekunywa maji. Tena inalala upande wa kushoto. Tena mara nyingine inayumba huku na huku bila sababu, hata ziwa likiwa limetulia. Abiria wanashuka wakipepesuka. Watoto wa Mwaya walikuwa wameshaipa jina la Kuku, na ikikaribia walikuwa wakiiita kwa mtama.

Nilipofika, mbwa wote wa bandarini walikuwa wamefungwa kamba. Nilipouliza, nikaambiwa ni kwa usalama wao, maana imesikika kwamba fundi ni Mhehe. Nikajua nimefika kwa watani. Aliyenipokea ni mwendesha boti mwenyewe, Mzee Ambakisye, Mnyakyusa mrefu mwenye sauti ya upole, mzee wa kanisa. Alinishika mkono kwa mikono miwili, akaniita kama Wahehe wanavyoitana.

"Karibu, Mnyalukolo. Umekula?"

"Nimekula, mzee. Sijala mbwa."

Akacheka kidogo, lakini cheko halikufika machoni. Tulipokaa akanieleza shida yake, nayo haikuwa ya boti. Bwana Dokta, Mzungu mwingine, mkubwa wa zahanati aliyekaa Tukuyu, alikuwa amesimama ufukweni na darubini akaona jinsi boti inavyokwenda upogo katikati ya ziwa tulivu. Akauliza kama dereva anakunywa pombe. Aliuliza kwa heshima, lakini aliuliza mbele za watu, na neno likapanda mlima mpaka kanisani. Sasa Bwana Dokta amesema atakuja tena Alhamisi ya wiki ijayo. Boti ikipepesuka, dereva anaondoka. Na wazee wenzake wa kanisa wamesema wanasubiri Alhamisi hiyohiyo.

"Kazi nitapata ingine," alisema. "Nitalima mpunga. Lakini kukalishwa benchi la nyuma, fundi, kama mlevi? Mimi hata togwa nikikuta limechacha naliacha. Wajukuu wangu watanitazama namna gani?"

Nilimwonea huruma sana. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, chura nitampata. Hakuelewa habari ya chura, nami nikaona si wakati wa kumweleza.

Nikaanza kama nilivyofundishwa, kwa maswali. Ugonjwa umeanza lini? Akafikiri, akasema, "Tangu arusi ya mwanangu." Nami, fundi hodari, nikatikisa kichwa kwa busara. Nikajua moja kwa moja kwamba boti ilibeba wageni wa arusi na matoke yao na ng'ombe mzima, ikavunjika mbavu. Nikaipindua boti ufukweni, nikashinda siku nzima nikiigonga ubavu mmoja baada ya mwingine na nyundo ya mbao na kusikiliza. Mbavu zote zilikuwa nzima. Baadaye nikaambiwa arusi ilifanyika upande wa pili wa kijiji, na wageni walikuja kwa miguu.

Nikachukua rula ya Gurdit, aliyoniazima niende nayo, nikailaza chini ya tumbo la boti. Hili mlizingatie, maana hata gari lina siri zake chini. Tumbo la boti ya kasi, kwenye theluthi ya nyuma, linatakiwa linyooke. Likibonyea ndani, pua inachimba maji. Likibinuka nje, pua inaruka. La Kuku lilinyooka. Pangaboi la kusukuma maji lilikuwa na jino limepigwa na jiwe, nikalinyoosha kwa nyundo na tupa. Waya wa usukani ulikuwa umelegea, nikaukaza. Injini ilikuwa imeinama nyuma kidogo kupita kiasi, nikahamisha pini yake tundu moja. Chini ya sakafu niliyakuta maji, kikombe, na kiatu cha mtu wa mguu mmoja au msahaulifu. Nikavitoa vyote.

Kisha tukaijaribu, Mzee Ambakisye kwenye usukani na mimi pembeni yake, nimevaa tairi la ndani la trekta kiunoni, kwa kuwa Mhehe hakuumbwa kuelea. Boti ilikwenda kama pasi juu ya shuka. Kushoto, kulia, kasi yote, hakuna kitu. Mzee akaimba wimbo wa kanisa. Tukarudi tumeshikana mabega, na jioni ile nilikula samaki mpaka nikafungua mkanda.

Alhamisi boti ikaenda kazini bila mimi. Ikarudi inakunywa maji. Mama mmoja mnene aliyeitwa Mama Kissa, aliyekuwa akisaidia kubeba dawa, alishuka ameshika kilemba chake mkononi na jino lake, akasema kama haya ndiyo matengenezo basi nirudishe uharibifu.

Nikajaza magunia ya mchanga ili yawe abiria. Nikayapanga katikati, safi, kama mtu yeyote mwenye akili atakavyoketi. Tukaijaribu tena, ikateleza kama pasi. Nikaongeza magunia. Pasi. Nikarudisha pini ya injini tundu la zamani. Pasi ya zamani. Nilianza kumtazama Mzee Ambakisye kwa jicho la pembeni. Nikamuuliza, "Mzee, siku ya Alhamisi mnapanda akina nani?"

"Mimi na watu wa dawa."

"Watu wa dawa ndio nani?"

Akageuka akatazama milima. "Watu wa dawa, fundi. Wanakaa huko nyuma."

"Basi ikitokea safari yoyote kabla Bwana Dokta hajaja, nitapanda na mimi niwaone."

"Huko nyuma hakumfai mgeni," alisema, na sauti ikawa kavu. Nikajiambia, lo, kumbe kweli kuna chupa. Niliumia moyoni, maana nilikuwa nimempenda yule mzee. Lakini sikumwomba ruhusa tena. Bahati nzuri Jumanne yake mwanamke mmoja wa kijiji cha mbali alishikwa na uchungu wa uzazi, wakaletewa habari kwa mtumbwi, na boti ikatakiwa iende mara moja. Wakiwa katika haraka ile nikajipenyeza na tairi langu, nikakaa katikati, nikasema ninasikiliza injini.

Vijana, tazameni kwanza. Spana haina miguu. Nilichokiona ni hiki.

Mzee Ambakisye alikwenda akasimama nyuma ya matete, ameupa ufukwe mgongo, kama mtoto anayehesabu katika mchezo wa kujificha. Ndipo akaja mkunga, Tusekile, mwanamke mwenye mwili wake na nguvu zake, amejifunika kanga mpaka kwenye pua. Akaingia kwa nyuma, akajibanza kwenye pembe ya kushoto kabisa, karibu aikumbatie injini. Mama Kissa na mwenzake wakachukua makasha yote ya dawa, yale mazito, wakayapanga kama ukuta mbele yake, nyuma kabisa ya boti. Juu ya makasha wakatundika shuka. Kisha Mama Kissa akakohoa. Mzee akatoka kwenye matete, akapandia puani, macho chini, akakaa kwenye usukani bila kugeuza shingo hata kidogo. Mama Kissa akasema "Haya," na huko nyuma ya shuka Tusekile akavuta kamba ya injini mara moja tu, ikawaka. Mimi kamba ile ilikuwa ikinichukua asubuhi nzima.

Tukashika kasi. Uzito wote uko nyuma, tena kushoto. Pua ikapanda mbinguni ikarudi, ikapanda ikarudi. Nikashika mbao. Mbele kukatokea mtumbwi, na Mzee akageuza kichwa kushoto kuutazama. Alipogeuza tu, Tusekile, kwa kuogopa jicho la mzee lisimguse pembeni ya shuka, akajitupa kulia na mwili wake wote. Boti ikalala kulia. Mzee akashtuka, akatazama kulia. Tusekile akajitupa kushoto. Boti ikalala kushoto. Mzee akarekebisha usukani, akatazama huku, akatazama kule, na kila alipotazama mkunga alihama kama golikipa. Hivyo ndivyo tulivyovuka Ziwa Nyasa. Nilicheka na kutapika kwa wakati mmoja, jambo ambalo simshauri mtu yeyote.

Mwanamke yule alijifungua salama, mtoto wa kiume. Wakati tunasubiri nilimvuta Mama Kissa kando.

"Mama, yule mkunga ana ugomvi gani na mzee?"

Alinitazama kama niliyeuliza maji yana rangi gani. "Ugomvi? Yule si mkamwana wake? Ameolewa na mwanawe. Kwetu mke wa mwana hamtazami baba mkwe, wala baba mkwe hamtazami yeye. Hasemi naye, hamtaji hata jina. Wakikutana njiani anaingia migombani. Ni heshima, gwe! Kwani ninyi Wahehe hamna wakwe?"

"Tunao, mama, na tunawaheshimu. Lakini hatuwapigi chenga ndani ya boti."

"Sasa afanye nini? Mkunga ni yeye peke yake. Dereva ni yule peke yake."

"Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Ulitaka tukuambie nini? Kwamba jua linachomoza?"

Nikaelewa yote. Tangu arusi ya mwanangu, mzee alisema, na alikuwa amesema kweli tupu. Hata yeye hakujua kinachotendeka nyuma yake, kwa sababu ili ajue ingebidi ageuke. Na kumtaja mkamwana kwa mgeni ingekuwa aibu kuliko kuitwa mlevi. Kumbe mimi nilijaribu boti nikiwa na magunia yaliyoketi kwa adabu za Iringa. Chombo kijaribuni na mzigo wake, si mzigo wenu. Mchanga hauna wakwe.

Ilibaki siku moja kabla ya Bwana Dokta. Tatizo la ufundi lilikuwa jepesi; zito lilikuwa kulisema. Nilimkuta Mzee Ambakisye ameketi juu ya boti iliyopinduliwa, Biblia magotini, haisomi. Nikakaa naye, nikatazama ziwa.

"Mzee, nimeona ugonjwa. Usukani uko mbele mno. Nataka niurudishe nyuma, karibu na injini, wewe ukae huko."

"Na mbele?"

"Mbele pua inataka uzito. Nitajenga kibanda kifupi cha mianzi na turubai, kimefunikwa nyuma, mlango wake upande wa puani. Mizigo yenye heshima itakaa humo."

"Mizigo gani hiyo?"

"Ile isiyopenda kutazamwa, mzee."

Akafunga Biblia, akavua kofia, akanishukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo, fundi." Hatukusema neno lingine juu ya jambo hilo. Akaenda kunitafutia mianzi mwenyewe.

Mhehe na mwanzi ni ndugu wa siku nyingi, ingawa undugu wetu kwa kawaida unapitia kwenye ulanzi, pombe inayogemwa humo. Nilipinda mianzi juu ya moto, nikashona turubai kwa sindano ya magunia, nikakata waya wa usukani na kuupitisha upya. Kilikuwa kibanda kidogo, chini ya usawa wa macho ya mwenye kuketi nyuma, ili aone maji yote asimwone mtu. Nilikitazama nikakipenda. Sijajenga nyumba nyingine nzuri kama ile, hata hii ninayokaa.

Alhamisi Bwana Dokta akaja. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye haki, anayejua Kiswahili vizuri kuliko mimi wa wakati ule. Wazee wa kanisa nao walikuwa wamesimama ufukweni, wamevaa makoti katika joto lile. Tusekile alikuwa ameshaingia kibandani kwa kupandia puani, na mzee ameketi nyuma kwenye usukani wake mpya. Bwana Dokta akaizunguka boti, akagusa usukani, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akafika kwenye kibanda.

"Hiki ondoa."

Nikasema, "Bwana?"

"Kimefungwa nyuma. Kwa kasi hii upepo utaingia mbele, kitajaa kama tanga, kitanyanyua pua. Ondoa. Rudisheni kila kitu kama zamani, niione boti ile niliyoiona."

Na kwa kweli alikuwa sawa juu ya upepo. Sikuwa nimeufikiria hata kidogo, maana milimani kwetu nyumba haziendi mbio. Lakini kuondoa kibanda kulikuwa kumrudisha Kuku majini mbele ya makoti yale yote. Nilifungua mdomo nieleze, nikakumbuka ni nani amesimama wapi na nani anasikia, nikaufunga. Nikaufungua tena. Mzee Ambakisye alitazama milima, mikono imeshika usukani. Kujitetea kungemlazimu amtaje mkamwana.

Ndipo sauti ikatoka kibandani. Haikuwa kubwa, lakini ufukwe mzima uliisikia.

"Fundi, mwambie Bwana Dokta kwamba boti naiyumbisha mimi. Mwambie nilikuwa nakaa nyuma na makasha, nakimbia huku na huku, kwa sababu ya heshima. Mwambie mzee wangu hajanywa kitu. Mwambie mlevi akitafutwa, atafutwe mahali pengine."

Wazee wa kanisa wakatazama viatu vyao. Mama Kissa akaziba mdomo. Mkamwana alikuwa amesema mbele ya baba mkwe wake, naye akisikia. Nikamgeukia Bwana Dokta ili nimfikishie, lakini alikuwa ameinua mkono.

"Nimesikia," alisema polepole. Akakitazama kibanda, akaitazama ile nafasi ya nyuma, akahesabu uzito kichwani kama mtu anayejua anachohesabu. Uso wake ukaanza kuwa mwekundu, nikadhani ni hasira, kumbe anajizuia kucheka. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama ninaweza kumtengenezea kibanda kingine kama hicho, kikubwa kidogo, cha kuweka nyumbani kwake Tukuyu, kwa kuwa mama wa mke wake yuko njiani kwa meli. Kisha akawageukia wazee wa kanisa, akasema kwa sauti ya kila mtu, "Mimi nilikosea kuuliza. Mtu huyu ni safi. Mwekeni mahali pake." Na kwangu akasema nitoboe turubai matundu ya kupitisha upepo, halafu twende, wagonjwa wanasubiri.

Nikatoboa. Nikaingia na tairi langu, nikakaa katikati, kati ya kibanda na usukani. Nilitazama nyuma nikaona machozi yanamtoka Mzee Ambakisye wala hayafuti. Mkono wake ulikuwa kwenye kamba ya injini, lakini hakuivuta. Alikohoa.

"Fundi."

"Naam, mzee."

"Mwambie binti yangu ashike vizuri. Naondoa chombo."

Kutoka kwake hadi kibandani palikuwa karibu kiasi kwamba angeweza kukigusa kwa kasia. Nikainama kwenye matundu, nikamwambia, "Baba anasema ushike vizuri." Sauti ya ndani ikasema nimwambie baba kwamba ameshika. Nikageuka nikamwambia. Akavuta kamba.